Pawa saplai uliyoijenga imekataa: fuata volti hadi zinapoishia

Mradi wa elektroniki ukizima ghafla, mkono wa wengi hukimbilia pasi ya kulehemu. Regulata inang'olewa, inawekwa mpya, bado kimya. Inafuata kapasita, kisha dayodi, na mwisho njia za shaba kwenye bodi zinabanduka kwa joto wakati chanzo chenyewe hakijulikani. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: usitoe kipuri chochote kwenye bodi mpaka mita ya umeme (multimeta) ikuonyeshe volti nzuri zinaishia wapi.

Tuchukue pawa saplai ambayo wanaojifunza wengi huijenga kwanza: transfoma ya volti 12 na ampea 1, dayodi nne za 1N4007 zilizopangwa daraja ili kugeuza umeme wa AC (unaobadili mwelekeo) kuwa DC (wa mwelekeo mmoja), kapasita ya mikrofaradi 2200 ya volti 25, na regulata ya 7805 inayotoa volti 5. Mzigo wake ni kengele ya tangi la maji: bodi ndogo ya Arduino (kompyuta ndogo inayoendesha mradi), kihisi cha kina cha maji, na moduli ya GSM (ya mtandao wa simu) aina ya SIM800L inayotuma ujumbe kwenye simu tangi likikaribia kukauka. Nimeuchagua mradi huu kwa makusudi, kwa sababu una karibu kila ugonjwa wa umeme unaowakuta wajenzi wa nyumbani, na moduli ya GSM ina ugonjwa wake wa pekee ambao mita ya kawaida haiuoni.

Kabla ya kufungua boksi

Umeme wa ukutani ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na unaua. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Ziko soketi zilizofungwa waya kinyume, swichi ikakata nyutro huku waya wa moto ukiendelea kuishi ndani ya boksi lako. Chomoa plagi kabisa, uiweke mezani mbele ya macho yako, ndipo ufungue.

Kisha maliza chaji ya kapasita kubwa kwa rezista, kwa mfano ya omu 100 wati 5, ukiishika kwa koleo yenye mpira na kuigusisha kwenye miguu miwili kwa sekunde kadhaa. Usitumie bisibisi. Kapasita ya volti 25 haitakudhuru sana, lakini cheche yake hutoboa shaba ya bodi, na chaji iliyobaki huweza kuharibu mita iliyowekwa kwenye omu.

Onyo kwa mwenye pawa saplai isiyo na transfoma kubwa ya chuma, yaani zile nyepesi kama chaja za simu au za kompyuta: ndani yake kuna kapasita inayobeba volti za DC zaidi ya 320, na inaweza kubaki nazo hata baada ya plagi kuchomolewa. Kama hujafundishwa na fundi kuzishughulikia, usizifungue. Pima matokeo yake kwa nje tu. Zikiwa mbovu, nunua nyingine.

Kagua na mita yenyewe. Betri yake ikichoka, mita nyingi za bei nafuu huonyesha volti kubwa kuliko zilizopo, nawe ukaanza kutibu ugonjwa ambao haupo. Tazama pia waya mwekundu umechomekwa tundu gani. Ukiwa kwenye tundu la ampea 10 nawe unadhani unapima volti, umetengeneza shoti kwa mkono wako, na tundu hilo kwenye mita nyingi ndogo halina hata fyuzi.

Hatua ya 1: Tazama, nusa, uliza

Uliza kilitokea nini mara ya mwisho mradi ulipofanya kazi. Je, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo? Je, mradi huwaka dakika chache ukazima, kisha ukapoa na kuwaka tena? Je, unajizima na kujiwasha kila unapotuma ujumbe? Kila jibu lina njia yake. Mradi uliokufa kabisa unaelekeza kwenye fyuzi, transfoma au waya uliokatika. Unaowaka na kuzima kwa zamu huwa ni joto. Unaojiwasha upya huwa ni volti zinazoporomoka kwa muda mfupi.

Halafu tumia macho. Kapasita iliyovimba kichwa au iliyotoa maji chini. Rezista iliyogeuka rangi. Harufu ya vanishi iliyoungua kwenye transfoma. Chukua tochi na kioo cha kukuza, ukague lehemu kwenye miguu ya vipuri vizito na vinavyopata joto: ufa mwembamba wa duara kuzunguka mguu ni chanzo cha matatizo mengi kuliko vipuri vilivyoungua, na dawa yake ni kuyeyusha lehemu upya na kuongeza kidogo.

Hatua ya 2: Tenganisha mgonjwa na mzigo wake

Chomoa waya wa volti 5 unaokwenda kwenye mradi. Sasa una vitu viwili, na kosa liko kwa kimoja. Mita ikiwa kwenye omu yenye mlio, pima kati ya njia ya volti 5 na graundi (njia ya hasi) upande wa mradi. Mita inaweza kulia mara moja kisha namba zikapanda. Hizo ni kapasita zinajaa, wala si ubaya. Ikilia moja kwa moja na kubaki karibu na omu sifuri, mradi wenyewe una shoti, na regulata yako inajilinda tu. Toa moduli moja moja ukipima kila mara, mpaka shoti ipotee. Washukiwa wa kwanza ni kapasita ya elektrolaiti iliyogeuzwa miguu, tone la lehemu lililounganisha njia mbili, na kile kipande cha waya kilichokatwa kikadondoka chini ya bodi.

Hatua ya 3: Upande wa ukutani, plagi ikiwa imechomolewa

Pima omu kwenye pini mbili za plagi, swichi ya boksi ikiwa imewashwa. Kwa transfoma ya ukubwa huu utegemee omu mia moja hadi mia kadhaa. Mita isiposoma kitu, njia imekatika: pima waya, swichi, fyuzi, kisha koili ya kuingizia yenyewe. Koili ya kutolea huwa na omu moja au mbili tu, kwa hiyo mita ikilia hapo usiilaumu transfoma.

Transfoma nyingi ndogo zina fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya karatasi ya koili ya kuingizia. Ikikatika, transfoma huonekana imekufa. Usiiunge kwa waya mtupu. Ilikatika kwa sababu kitu kilichemka, na ukiiruka, kinachofuata kuchemka ni koili, na baada ya koili ni boksi na meza. Weka nyingine ya nyuzijoto ileile, kisha utafute kilichoichemsha.

Hali ni hiyohiyo kwa fyuzi ya kawaida. Transfoma hii ya VA 12 (volti 12 mara ampea 1) huvuta takriban miliampea 52 tu kutoka ukutani ikiwa na mzigo kamili, kwa hiyo fyuzi ya kuchelewa ya miliampea 100 hadi 160 inatosha. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi haikulindi hapa. Iliwekwa kulinda waya wa plagi, na transfoma yako itaungua yote kabla haijakatika. Uzi wa waya uliofungwa mahali pa fyuzi uondoe leo.

Hatua ya 4: Washa kupitia balbu

Hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote, nacho ni balbu ya zamani yenye waya ndani, iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto kabla ya pawa saplai. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Kadiri transfoma ilivyo ndogo, ndivyo balbu iwe ya wati chache: kwa hii yetu, wati 25 au 40. Holda iwe nzima, na maungio yote yafunikwe, kwa maana hapo pana volti kamili za ukutani.

Ukiwasha bila mzigo, balbu nzuri humulika mara moja kisha hufifia au kuzima. Ikibaki inawaka, kuna kitu kinavuta umeme mwingi: zima. Tenganisha koili ya kutolea na daraja la dayodi, ujaribu tena. Balbu ikizima sasa, shoti iko kwenye dayodi au kapasita. Ikiendelea kuwaka, transfoma yenyewe imeungua ndani. Umepata jibu bila kuchoma fyuzi hata moja.

Dayodi pima umeme ukiwa umezimwa, mita ikiwa kwenye alama ya dayodi. Upande mmoja isome kati ya 0.5 na 0.7, upande wa pili isisome kitu. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, dayodi imekufa kwa shoti. Kama vipuri vingine vinapotosha kipimo, inua mguu mmoja wa dayodi kutoka kwenye bodi.

Hatua ya 5: Pima kituo kwa kituo

Balbu ikikubali, iondoe kwenye njia, uwashe pawa saplai moja kwa moja na kuanza kufuata volti. Funga waya mweusi wa mita kwenye graundi kwa klipu, ubaki na mkono mmoja tu wa kupimia.

Kwenye ncha mbili za koili ya kutolea (kwa kipimo hiki tu waya mweusi usiwe kwenye graundi), mita ikiwa AC, utaona volti 13 hadi 15 bila mzigo. Transfoma hutoa zaidi ya ilichoandikiwa ikiwa haina kazi. Kwenye kapasita kubwa, mita ikiwa DC, tegemea volti 17 hadi 20. Hapo unaona kwa nini kapasita ya volti 25 imebanwa: siku umeme wa mtaani ukipanda, nafasi iliyobaki ni ndogo. Mimi ningeweka ya volti 35 tangu mwanzo, tofauti ya bei ni ndogo sana.

Ukikuta volti 10 au 11 tu kwenye kapasita, na mzigo hakuna, kapasita imekauka kabisa au mguu wake umeachia.

Sasa regulata. Mguu wa kutolea wa 7805 usome kati ya 4.8 na 5.2. Ukisoma sifuri huku mguu wa kuingizia una volti 18, na mradi umeshauchomoa, regulata imekufa, au umeifunga kinyume. Miguu imewapoteza wengi, basi niieleze wazi. Ukitazama maandishi ya kipuri, miguu ikielekea chini, kutoka kushoto: 7805 ni kuingizia, graundi, kutolea. LM317 ni kurekebishia, kutolea, kuingizia. 7905 ya volti hasi ni graundi, kuingizia, kutolea. Bati la mgongoni nalo hubadilika: kwenye 7805 ni graundi, kwenye LM317 ni matokeo, kwenye 7905 ni maingizo. Ukifunga 7805 na LM317 kwenye hitisinki (bati la kupozea) moja bila karatasi ya mika au mpira wa silikoni kati yake, umeshaunganisha matokeo ya moja na graundi ya nyingine.

Ukisoma volti nyingi kupita 5, kwa mfano 12 au 16, usirudishe mradi kabisa. Ama regulata imeungua kwa shoti ya ndani, ama mguu wake wa graundi haujashika. Huu wa pili ni ugonjwa wa lehemu tu, lakini unaua Arduino kwa kufumba na kufumbua.

Hatua ya 6: Ipe mzigo, ndipo uiamini

Wengi hufika hapa, wakaona volti 5 safi, wakatangaza pawa saplai ni nzima. Bado. Mita yako haivuti karibu chochote, na lehemu iliyobaki na uzi mmoja wa shaba hupitisha volti 5 kwa mita bila shida. Ni mkondo unaofichua.

Tafuta rezista ya omu 10, wati 5, ile nyeupe ya mraba. Ukiifunga kwenye volti 5 itavuta nusu ampea. Usipoipata, balbu ya indiketa ya bodaboda, ya volti 12 wati 10, ikipewa volti 5 huvuta kiasi kinachokaribia hicho. Fahamu pia kwamba transfoma iliyoandikwa ampea 1, ikishapita kwenye daraja na kapasita, isivutwe zaidi ya takriban ampea 0.6 za DC mfululizo. Wengi hawaambiwi hilo dukani.

Mzigo ukiwa umefungwa, rudia vipimo vya hatua ya 5. Sasa pima kitu kingine ambacho mafundi wazuri hukifanya kila siku: weka ncha moja ya mita mwanzo wa waya na nyingine mwisho wa waya uleule. Waya mzima hausomi kitu, au hausomi zaidi ya volti 0.05 hivi. Ukisoma 0.3, umepata mwizi wako, awe ni kiunganishi kilicholegea, swichi iliyochakaa, au zile waya nyembamba za bredibodi (bodi ya majaribio isiyolehemiwa). Fanya hivyo na upande wa graundi, maana watu huusahau.

Acha mzigo dakika kumi, uangalie joto. Hesabu ni nyepesi: volti zinazoingia toa zinazotoka, mara ampea. Kwetu ni 16 toa 5, mara 0.5, sawa na wati 5.5, zote zikigeuka joto kwenye kipuri kidogo ambacho bila hitisinki hustahimili wati moja hivi. Kikichemka kinajizima chenyewe, kikipoa kinarudi. Kama mradi wako unafanya kazi asubuhi na kuzimia mchana, usitafute mbali. Weka hitisinki kubwa yenye pesti ya kupitisha joto, au tumia transfoma ya volti 9 badala ya 12.

Hatua ya 7: Mawimbi yanayojificha nyuma ya wastani

Daraja la dayodi hugeuza umeme wa hezi 50 kuwa mapigo 100 kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo, kapasita peke yake ndiyo inayolisha mzigo, kama pipa linaloshika familia mpaka maji yarudi bombani. Volti zinazoshuka katika muda huo unazipata hivi: zidisha faradi mara 100, kisha gawanya ampea kwa jibu hilo. Nusu ampea kwenye mikrofaradi 2200 inashuka volti 2.3 hivi. Kutoka kilele cha 15.5 unafika 13.2, na 7805 inahitaji takriban 7 tu, basi hakuna neno.

Lakini kapasita ikizeeka ikabaki na uwezo wa mikrofaradi 470, hesabu hiyohiyo inatoa volti 10.6. Bonde, yaani sehemu ya chini kabisa ya wimbi, linafika chini ya volti 5, regulata inashindwa mara 100 kila sekunde, na mita kwenye DC inakuonyesha wastani wa volti 10 unaoonekana mzuri kabisa. Dayodi moja ikikatika nayo huleta hali kama hiyo, kwa sababu mapigo yanabaki 50 na kapasita inasubiri mara mbili.

Kuyaona mawimbi hayo bila osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme), weka mita kwenye AC na upime juu ya kapasita mzigo ukiwa umefungwa. Mita nyingi za bei nafuu hudanganyika na DC iliyo chini yake, hivyo funga kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 kwa mfululizo na ncha nyekundu, isubiri itulie, ndipo usome. Pawa saplai nzima ya mfano wetu itasoma chini ya volti moja hivi. Ukisoma volti tatu au nne, badilisha kapasita kwa ya nyuzijoto 105, na uiweke mbali na hitisinki.

Hesabu hii pia inaeleza kosa la michoro mingi inayosambaa: 7812 juu ya transfoma ya volti 12. Regulata hiyo inataka takriban volti 14 wakati wote, na bonde letu ni 13.2. Hakuna kipuri kilichoharibika hapo. Tumia transfoma ya volti 15.

Hatua ya 8: Moduli ya GSM inayojizima

Pawa saplai imepita mitihani yote, umerudisha mradi, na bado SIM800L inajiwasha upya kila inapotafuta mtandao. Taa yake inapepesa kila sekunde moja, haifiki kwenye ile ya kila sekunde tatu inayoonyesha kwamba imeshika mtandao.

Moduli hii inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inaporusha mawimbi huvuta hadi ampea 2, lakini kwa mapigo ya nusu milisekunde hivi, yanayorudi kila baada ya milisekunde 4.6. Mita yako hubadilisha namba mara mbili tatu kwa sekunde. Haiwezi kuona. Mita inasema 4.1 na moduli inakufa kwa njaa wakati huohuo. Kuipa volti 5 za 7805 kupitia dayodi ili zishuke kidogo, kama wengi wafanyavyo, kunaipa volti sawa lakini bila mkondo wa kutosha.

Thibitisha kwanza. Ondoa waya chanya wa moduli, uilishe kwa betri moja ya lithiamu ya 18650 yenye chaji nzuri, graundi zikiwa zimeunganishwa pamoja. Betri hiyo ni volti 3.7 hadi 4.2, na inamudu ampea 2 bila tabu. Moduli ikishika mtandao na kutulia, huna haja ya kununua moduli nyingine. Umeme wake ndio ulikuwa haba.

Dawa ya kudumu ni kibadilishi cha LM2596 kinachoshusha volti, kikichukua umeme moja kwa moja kwenye kapasita kubwa kabla ya 7805. Kirekebishe kisome volti 4.0 kabla ya kukiunganisha na moduli, ukizungusha skrubu yake taratibu, maana huja kutoka dukani kikiwa kwenye volti yoyote. Kisha lehemu kapasita ya mikrofaradi 1000 hadi 2200, ya aina yenye ukinzani mdogo, kwenye miguu ya moduli yenyewe. Ikiwa mwisho wa waya wa sentimita 20, haisaidii. Waya wa chanya na wa graundi wawe vipande vifupi na vinene, visipite kwenye bredibodi hata kidogo.

Ukimaliza, funga mfuniko wa boksi na uuache mradi ukifanya kazi yake kamili kwa saa nzima, ukituma ujumbe mara kwa mara. Hewa ndani ya boksi lililofungwa ni ya moto kuliko ya mezani, na hitisinki iliyotosha mezani huenda isitoshe humo. Chomoa plagi, fungua, gusa regulata kwa tahadhari. Kama huwezi kuweka kidole kwa sekunde tatu, toboa matundu juu na chini ya boksi, kisha urudie jaribio.